Sonona Haingoji Amani

Iko rai moja iliyokwisha kuenea mno miongoni mwa wenye kauli katika mambo ya afya hapa Juba, ikawa inasemwa na maofisa wa serikali, na wafanyakazi wa mashirika ya misaada, na hata baadhi ya matabibu wenyewe. Na kwa kuwa wanaoisema aghalabu ni watu wema, wenye kuwatakia wenzao heri, imepita pasipo kupingwa kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa. Rai hiyo yasema kwamba watu wa Sudan Kusini wana huzuni kwa sababu wameona vita, wamefiwa, wamefukuzwa makwao na wamelala na njaa. Kwamba huzuni yenye sababu iliyo wazi namna hiyo si maradhi, ni jibu la moyo kwa msiba. Kwamba dawa yake basi ni amani, chakula, sala, na mazungumzo ya kufarijiana. Na kwamba habari za mitambo ya sumaku, inayowekwa kichwani ili kuamsha ubongo wa mtu aliyezama katika sonona sugu, ni anasa ya Marekani na Ulaya ambayo mwenye busara hathubutu kuitaja katika mji ambao hospitali yake kuu, mwaka 2016, ilihesabiwa kuwa na vitanda 12 tu vya wagonjwa wa akili.

Naipinga rai hii tangu shina lake hadi matawi yake. Siipingi kwa kuidharau amani, wala kwa kudhani kwamba mashine yaweza kumrudishia mjane mumewe aliyeuawa katika mapigano ya Juba ya Desemba 2013 au ya Julai 2016. Naipinga kwa sababu imechanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, asili ya maradhi na makao ya maradhi, na kutokana na mchanganyiko huo imetoa hukumu ya kuwanyima tiba wagonjwa walio dhaifu kupita wote, kisha ikaiita hukumu hiyo huruma.

Mtu aliyepigwa risasi katika mapigano ya mtaa wa Gudele hapa Juba, asili ya jeraha lake ni vita, wala hapana mwenye shaka. Lakini hakuna tabibu aliyepata kumwambia kwamba, maadamu risasi imetoka katika siasa, basi na aiache mwilini hadi wanasiasa wapatane. Risasi hutolewa, mshipa hufungwa, na jeraha husafishwa siku ileile, ilhali vita vinaendelea nje ya ukuta wa hospitali. Sonona nayo, hata ikiwa imezaliwa na msiba, yaweza kufika mahali ikakaa mwilini kwa nguvu zake yenyewe: usingizi ukakatika alfajiri kila siku, chakula kikapoteza ladha, viungo vikawa vizito kama vya mtu aliyetoka homani, fahamu zikashindwa kushika jambo dogo, mama akamtazama mwanawe asisikie chochote moyoni, na fikira za kujiua zikawa zinakuja bila kuitwa. Mambo haya huendelea miezi na miaka, hata baada ya unga kupatikana na bunduki kunyamaza. Majonzi ya kufiwa kila kabila la nchi hii lina adabu zake za kuyabeba, na adabu hizo zina hekima kubwa. Bali mtu huyu ninayemtaja amekwisha kuliliwa na kufarijiwa, amekwisha kuombewa kanisani, amekwisha kupelekwa kwa kujur, mganga wa jadi, kuchinjiwa mbuzi, naye angali amelala akiutazama ukuta.

Tena rai hii ina nasaba, na nasaba yake yafaa kujulikana. Kati ya mwaka 1938 na 1950 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, iliongozwa na daktari Mwingereza aitwaye J. C. Carothers, ambaye mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Na humo alidai kwamba sonona ni nadra mno kwa Waafrika, akaongeza kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, hata akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Dhana hiyo ilitawala vyuo kwa miaka mingi, na madaktari waliosomeshwa nayo walipokutana na Mwafrika asiyelala wala kula walimtafutia minyoo na malaria. Ukweli ulipotafutwa kwa uangalifu, dhana ilianguka. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha habari za uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakaonyesha kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi kwa wanawake wa vijiji hivyo kuliko kwa wanawake wa Camberwell, kitongoji cha London. Na hapa Juba penyewe, mnamo Novemba 2007, miaka miwili baada ya mkataba wa amani wa 2005, watu wazima 1,242 walihojiwa nyumba kwa nyumba, wakaonekana 36 kwa mia wana dalili zinazofikia kiwango cha maradhi ya kiwewe, na 50 kwa mia wana dalili zinazofikia kiwango cha sonona.

Rai ya leo, kwa kuona hesabu kama hizi, imegeuza maneno tu. Carothers alisema hawana huzuni. Hawa wasema wote wana huzuni. Yule alimnyima Mwafrika maradhi, hawa wameyagawa kwa watu wote hata hapana tena aliye mgonjwa, na katika kauli zote mbili mgonjwa huondoka mlangoni mikono mitupu. Mpinzani ataniuliza kama nadhani kweli nusu ya mji ni wagonjwa wa kutibiwa hospitalini. La, sidhani. Ndani ya nusu hiyo wamo wafiwa wengi watakaoinuka kwa wakati wao, wakipata riziki na jirani mwema. Wamo wengine watakaoinuliwa na mazungumzo. Wamo watakaohitaji vidonge. Na wamo wachache ambao hayo yote hayatawafaa. Kazi ya utabibu ni kuwatenga hao mmojammoja na kumpa kila mtu haki yake, na kazi hiyo haifanyiki pale ambapo kundi zima limekwisha kuhukumiwa kwa neno moja.

Wapinzani wangu huja na ushahidi wa vikundi vya mazungumzo, nami nausoma kwa heshima kwa kuwa ni ushahidi wa kweli na ni wa kwetu. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa ya vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako watu wa hukohuko wasio matabibu, baada ya mafunzo ya muda mfupi, waliongoza vikundi kwa majuma 16. Na katika vijiji vilivyopewa vikundi, wenye sonona walishuka kutoka 86 kwa mia hadi 6.5 kwa mia, ilhali katika vijiji visivyopewa walishuka kutoka 94 hadi 54.7. Mwaka 2020 ikatoka taarifa ya wanawake wakimbizi 694 wa Sudan Kusini katika kambi ya Rhino, Uganda, ambao baadhi yao walipewa vikao 5 vya mafunzo ya kukabili dhiki, sauti ikiwa imerekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na nafuu ilionekana miezi mitatu baadaye, ijapokuwa ilikuwa ya kadiri. Anayetaka kuvifunga vikundi hivi ili anunue mashine ni adui wa wagonjwa, nami si mwenzake.

Lakini ushahidi huohuo, ukisomwa hadi mwisho, unanitetea mimi. Hata katika Masaka na Rakai, penye ushindi mkubwa kupita yote niliyoyataja, walibaki watu ambao kikundi hakikuwaponya. Ni akina nani hao, na wameachiwa nini? Katika Marekani, ambako dawa hazikosekani dukani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 wa wagonjwa zaidi ya 4,000 ulionyesha kwamba dawa ya kwanza huwaondolea dalili takriban thuluthi moja ya wanaoitumia, na kwamba wale wanaofika hatua ya dawa ya tatu na ya nne hupona 13 au 14 tu katika kila mia. Sonona sugu basi si uzushi wa matajiri. Ni fungu la wagonjwa linalopatikana kila mahali palipo na wanadamu, na mahali pasipo na mtu wa kulihesabu haliwi dogo kwa sababu hiyo. Huwa limefichwa tu, majumbani, makanisani, na hapa petu gerezani pia. Shirika la Amnesty International, katika taarifa yake ya Julai 2016, lilikuta katika Gereza Kuu la Juba wafungwa 82 walioandikwa kuwa wagonjwa wa akili, wanaume 66 na wanawake 16, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na faili la kosa lolote. Hao ndio waliongoja amani kwa mujibu wa rai ninayoipinga.

Sasa nieleze tiba yenyewe, kwa kuwa nusu ya upinzani hutokana na kutoijua. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzaa mkondo wa umeme katika waya ulio karibu nayo, na kanuni hiyohiyo ndiyo inayoendesha kila jenereta linalonguruma usiku katika mitaa ya Munuki na Hai Malakal. Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba mpigo mfupi wa sumaku yenye nguvu, ukipigwa nje ya fuvu, hupenya mfupa bila maumivu makubwa na kuzaa mkondo mdogo ndani ya ubongo wenyewe. Waliiweka koili, yaani duara la waya litoalo mpigo huo, juu ya sehemu inayotawala mkono, na mkono ukaruka pasipo mwenyewe kukusudia. Miaka 10 baadaye Mark George na wenzake, huko Marekani, wakachapisha habari za wagonjwa wachache wa sonona sugu waliopigwa mapigo hayo kila siku upande wa kushoto wa paji la uso wakapata nafuu. Oktoba 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu mashine ya kwanza kwa wagonjwa ambao dawa haikuwafaa, na Desemba 2015 taasisi ya Uingereza itoayo miongozo ya tiba nayo ikakubali.

Mgonjwa huketi kitini akiwa macho, hana sindano wala nusu kaputi, masikio yamezibwa kwa kuwa mashine hugonga kwa sauti kali. Kwanza mtaalamu hutafuta nguvu inayotosha kukichezesha kidole gumba cha mkono wa kulia, na hiyo huwa ndiyo mizani ya mgonjwa yule. Kisha koili husogezwa mbele, nayo hupiga mapigo kwa mafungu, siku 5 za kila juma kwa majuma 4 hadi 6, na mgonjwa akimaliza huinuka akaenda zake nyumbani kwa miguu. Wengi huumwa kichwa au ngozi ya kichwa siku za mwanzo. Hatari ya kuogopwa ni degedege, nayo huwapata chini ya mtu mmoja katika kila elfu. Wako wanaoichanganya tiba hii na mshtuko wa umeme ulioanzishwa Roma mwaka 1938, ambao mgonjwa hulazwa usingizi na kutiwa degedege kwa makusudi. Ni mambo mawili tofauti, ingawa insafu yanilazimu kusema kwamba mshtuko huo, pamoja na sifa mbaya uliyobandikwa, ungali na nguvu kupita tiba zote kwa sonona iliyo kali kabisa.

Na msomaji atazame mahali koili inapowekwa. Ni sehemu ya mbele ya ubongo, ileile ambayo Carothers alidai kwamba Mwafrika amezaliwa akiwa haitumii. Matabibu wa leo wanafundisha kwamba sehemu hiyo, ikizorota kazi yake kwa maradhi, mtu yeyote wa taifa lolote hupoteza ari, tumaini na uwezo wa kukata shauri, na kwamba yaweza kusaidiwa irudie kazi. Kile alichokitaja kama tabia ya taifa zima kimekuja kuonekana kuwa ni hali ya ugonjwa ipatikanayo London na Chicago sawasawa na Juba, tena yenye tiba. Kwa jambo hili peke yake nilidhani kwamba sisi Waafrika tungekuwa wa kwanza kuitaka tiba hiyo, seuze kuikataa.

Hoja yenye uzito kupita zote ni ile isemayo kwamba mashine haifanyi kazi sana kama inavyotangazwa, na hoja hii siipiti mbiombio, kwa kuwa mwenye kuitetea tiba kwa kuficha upungufu wake amewadhulumu wagonjwa anaodai kuwatetea. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, wagonjwa 190 waligawanywa, wengine wakapigwa sumaku ya kweli na wengine ya bandia inayogonga kwa sauti ileile. Walioondokewa na dalili kabisa kwa sumaku ya kweli walikuwa 14 kwa mia, na kwa ya bandia 5 kwa mia. Tofauti ni ya kweli, wala si ya miujiza. Mwaka 2018 likachapishwa lingine linalotugusa sisi zaidi, kwa kuwa waliojaribiwa walikuwa wapiganaji wa zamani 164 wa Marekani, wengi wao wakiwa na kiwewe cha vita pamoja na sonona. Na humo waliopona kwa sumaku ya kweli walikuwa takriban 41 kwa mia, na kwa ya bandia 37 kwa mia, tofauti isiyoweza kuhesabiwa kuwa ni tofauti.

Mpinzani hulitwaa jaribio hili la pili akalipungia kama bendera. Mimi naona limemgeukia. Wapiganaji wale walikuwa ni watu ambao dawa zilikwisha kuwashindwa, waliofikishwa ukingoni, waliokwisha kuhesabiwa miongoni mwa wasioponyeka. Na zaidi ya thuluthi moja yao, waliopokewa kila siku kwa majuma kadhaa na watu waliowajua kwa majina, wakawaketisha, wakawauliza hali zao na kuziandika, waliinuka. Inayoanguka hapo ni dhana kwamba sonona ya vita haina dawa mpaka vita viishe, kwa kuwa kumbukumbu za vita zilibaki vichwani mwao vilevile na wao wakapona. Linabaki swali la kiasi gani cha kupona kwao kilitoka katika sumaku na kiasi gani katika uangalizi, nalo ni swali la haki. Lakini mgonjwa wa Juba hajapewa sumaku wala uangalizi, basi haimpasi mtu kulitumia swali hilo kumnyima vyote viwili. Aidha, majaribio mengine mengi yameendelea kuonyesha faida. Mwaka 2018 huohuo, huko Kanada, wagonjwa 414 ambao dawa ziliwashindwa waligawanywa kati ya kikao cha zamani cha dakika 37 na nusu na kikao kipya cha dakika 3 na sekunde chache; waliopata nafuu kubwa walikuwa 47 kwa mia kwa kikao kirefu na 49 kwa mia kwa kifupi, na walioondokewa na dalili kabisa 27 kwa 32. Hapakuwa na sumaku ya bandia ya kulinganishwa katika jaribio hilo, nami sitaki lisomwe kwa kisichokuwamo. Lililokuwamo latosha: kazi ya nusu saa na zaidi imekuwa kazi ya dakika 3, na mashine iliyohudumia watu wachache kwa siku yaweza kuhudumia makumi.

Ndipo tunafika kwenye neno la mwisho la wapinzani, ambalo ndilo walilokuwa nalo tangu mwanzo: kwamba hata kama tiba ni njema, haiwezekani hapa. Umeme hukatika, mabingwa hawapo, fedha haitoshi, na wagonjwa hawatakuja kila siku. Maneno haya tumekwisha kuyasikia. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la serikali ya Marekani, alipinga kuletwa kwa dawa za UKIMWI katika Afrika kwa madai kwamba Waafrika wengi hawajui kufuata saa na kwa hiyo hawataweza kuzimeza kwa wakati wake. Dawa zilipokuja, na hesabu zilipokusanywa na kuchapishwa mwaka 2006, walioonekana kuzimeza ipasavyo walikuwa 77 kwa mia katika Afrika kusini mwa Sahara, na 55 kwa mia katika Amerika ya Kaskazini. Kati ya kauli ile na hesabu zile wamekufa watu wasiohesabika, na hapana aliyeulizwa habari zao. Kila mara tabibu au mfadhili anapomwambia fukara kwamba tiba fulani ni kubwa mno kwake, imempasa kwanza kukumbuka kisa hicho.

Nao umeme? Tangu Novemba 2019 Juba ina kituo cha umeme cha megawati 33, na kabla yake hospitali, benki na hoteli zilikuwa na majenereta yao. Mashine hii hukaa juu ya meza na kuchomekwa ukutani. Picha za ubongo za gharama kubwa? Majaribio ya mwanzo, yaliyoifanya tiba hii ikubaliwe, yalipima kwa utepe sentimita 5 mbele ya mahali panapokichezesha kidole gumba. Mabingwa ndio wachache kwa kweli, wala jambo hili silifanyii mzaha: mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa na madaktari bingwa wawili wa maradhi ya akili. Lakini koili hushikwa na muuguzi au fundi wa afya aliyefunzwa, chini ya usimamizi wa daktari, na Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kina kitivo cha tiba. Anayetaka kuwaona Waafrika wakiifanya kazi hii afuate mto huu huu wa Nili kuelekea chini hadi Assiut, Misri, ambako Profesa Eman Khedr na wenzake wamekuwa wakitumia sumaku hizi na kuchapisha matokeo yao, juu ya maumivu ya neva na kupooza, tangu mwaka 2005. Na wenye uwezo wa mji huu wakiugua hupanda ndege kwenda Nairobi, Cairo au India. Wao hawakuambiwa na mtu wangoje amani.

Yako mambo ambayo Juba yapasa kuyaangalia kuliko Toronto, na hayo ndiyo ningependa kuyasikia yakijadiliwa badala ya hukumu za jumla. Sumaku hii haiwekwi kamwe karibu na chuma kilicho kichwani, na katika nchi hii wako watu wengi wanaotembea na vipande vya makombora na risasi ambavyo wao wenyewe hawavijui. Kila mgonjwa lazima apigwe picha ya eksirei ya kichwa kabla ya kuketishwa kitini, liwe ni sharti lisilovunjwa. Tena sumaku yaweza kuamsha degedege, na kusini-magharibi mwa nchi kifafa kimekithiri, nacho huhusishwa na usubi wa mitoni: huko Maridi, karibu na bwawa ambalo wadudu hao huzaliana, uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta wenye kifafa 44 katika kila watu elfu, wakiwamo watoto wa ugonjwa wa kutikisa kichwa. Mgonjwa atokaye Maridi au Mundri ataulizwa maswali ambayo vitabu vya Marekani havikuyaandika. Mwongozo wa namna hii hauwezi kuagizwa pamoja na mashine. Utaandikwa na matabibu wa hapahapa, na utawafaa hata wenzao wa Uganda na Kongo wenye usubi uleule.

Wala sisemi kwamba mashine inunuliwe kesho na kufunguliwa katika wodi isiyo na vidonge. Amitriptilini na fluoxetini ni dawa za bei nafuu, na kukosekana kwake hospitalini kwa miezi ni aibu ambayo haihitaji elimu ya sumaku kuiondoa. Dawa zisikatike, vikundi vya mazungumzo viendelee na kuongezwa, wagonjwa wasio na kosa watolewe gerezani wapelekwe wodini, na wodi ipanuliwe iwapokee. Ninachokikataa ni ngazi inayojengwa kwa makusudi ikiwa na vidato viwili, kisha aliyeko chini ya kidato cha tatu akaambiwa kwamba ngazi imekwisha kwa kuwa yeye ni wa Sudan Kusini.

Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Jumuiya hiyo ilikwisha kukubaliana kugawana vituo vya ubora vya tiba na mafunzo, Kenya ikapewa figo, Uganda saratani, na Tanzania moyo, kwa hoja ya haki kabisa kwamba nchi moja haiwezi kubeba gharama zote peke yake. Hapana sababu kwa nini ubongo na akili visipate fungu lao katika mpango kama huo, wala kwa nini Juba, yenye maradhi haya kwa wingi kuliko miji mingi ya eneo hili, isipeleke wauguzi na madaktari wake wafunzwe na kurudi. Nawaomba basi mawaziri wa afya wa Jumuiya walipeleke jambo hili mezani. Na Wizara ya Afya ya Juba pamoja na wafadhili wake, watakapoandika mpango ufuatao wa afya ya akili, waweke ndani yake sura kwa ajili ya wagonjwa ambao maneno na vidonge havikuwaponya, waitaje kwa jina tiba wanayostahili, wataje na hospitali itakayoitoa, na mwaka itakapoanza.